U ya Mguu wa Kiti

Marehemu mume wangu, Siraji Rwakairu, alikuwa akisoma kinyumenyume haraka kuliko watu wengi wanavyosoma kawaida. Ukimpa ukurasa wa herufi za chapa, za madini ya risasi, zilizokwisha kupangwa na kukazwa ndani ya fremu, kila neno likitazama upande usio wake kama uso kwenye kioo, alikusomea bila kukwama, kidole kikitembea kutoka kulia kwenda kushoto. Aliwaambia wageni kwamba hapo hapana ajabu: alianza Kurani kwa maalimu wa Kakiika kabla ya kuingia shule, na jicho lake lilizoea njia hiyo mapema. Mimi nimetoka chuo cha ualimu Bukoba, nimefundisha lugha miaka mingi, na hadi mwisho kila nilipomwona akisoma hivyo niliacha nilichokuwa nikifanya nikamtazama.

Naandika habari zake kwa sababu kuna maneno yanayosemwa. Mwaka huu, kwenye harusi moja hapa mjini Mbarara, mama aliyekaa nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Huyo ndiye mjane wa yule wa gazeti, yule aliyeandika watoto wa Nakivale jeshini." Sikugeuka. Mtu wa nyumba yetu hagombani harusini. Lakini nilirudi nyumbani nikachukua kalamu, maana watoto wa Siraji na watakaozaliwa nao wataendelea kuitwa kwa jina hili baada yangu, na ni haki yao kujua limepita wapi.

Siraji alizaliwa Kakiika, mtoto wa mchinja ng'ombe. Alipotoka shule alipelekwa kwa Mhindi mmoja mwenye kiwanda kidogo cha kupiga chapa, akafagie. Kiwanda kile kilichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na matangazo ya sinema. Siku ya kwanza alimwona mtu akilaza karatasi tupu juu ya chuma, akavuta mpini, na karatasi ikatoka ina jina la bibi harusi.

"Nikasema, ama huyu mtu ni mchawi, ama mimi ni mjinga," alinisimulia. "Nikaamua nikae nijue ni kipi."

Alikaa. Mwaka 1972 serikali ilipowafukuza Wahindi, mwenye kiwanda aliondoka nchini pamoja na wenzake, Siraji akabaki na funguo. Na vita ya mwaka 1979 ilipopita Mbarara, sisi, wakati huo tumeshaoana, tulikuwa tumekimbilia Kashari, nje ya mji. Tuliporudi, mtaa mzima ulikuwa umelala chini. Mimi niliona matofali. Yeye alisimama mbele ya lile rundo, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni, akasema, "Mtambo uko mzima." Alichimbua kwa mikono, tofali baada ya tofali, na ulipotokea ulikuwa mzima kweli, umefunikwa na vumbi jeupe kama unga. Aliupangusa kwa kanzu yake ya Idi. Nilikasirika kwa ajili ya ile kanzu. Lakini alipovuta mpini na lile gurudumu kubwa likaanza kuzunguka, katika mji ambao siku hizo hata duka la chumvi halikuwepo, hasira iliniishia palepale.

Gazeti lake alilianzisha mwaka uliofuata, akaliita *Jirani*. Kurasa nne, kila Ijumaa, kwa Kiswahili. Watu walimcheka. Walisema nani atasoma Kiswahili huku Ankole, lugha ya askari na ya kununulia sabuni. Siraji aliwajibu kwamba kambini kuna askari kutoka kila pembe ya nchi, sokoni kuna wafanyabiashara wa Kiislamu wa kutoka pande zote, na kule Nakivale kuna wakimbizi wa Rwanda, wa Burundi na wa Kivu. Watu hawa wanapishana njiani kila siku, na lugha waliyo nayo pamoja ni hiyo moja. "Ni majirani," alisema, "na hawajui habari za wenzao." Alikuwa mhariri, mwandishi, mpanga herufi na mtia wino. Mimi nilikuwa nikisoma prufu, karatasi ya majaribio, jioni baada ya shule na kumrudishia ikiwa nyekundu kwa masahihisho. Aliniita Mwalimu. Mimi nilimwita Baba Rashidah, kwa jina la binti yetu wa kwanza.

Sasa lazima nieleze habari ya herufi U, kwa sababu mambo yote yaliyosemwa juu yake yametoka hapo.

Herufi za Mhindi zilinunuliwa kwa ajili ya Kiingereza. Kiingereza hakina njaa ya A, K na U kama lugha yetu. Herufi ndogo za habari zilitosha tukibana. Taabu ilikuwa zile kubwa za kichwa cha ukurasa wa kwanza, zile zenye urefu wa kidole gumba. A na K Siraji aliziongeza kutoka kwa mpiga chapa wa Masaka aliyefunga kazi. U hazikupatikana. Alikuwa nazo tatu, moja ikapotelea kwenye kifusi cha vita, zikabaki mbili.

Kwa hiyo mume wangu aliandika vichwa vya habari kwa U mbili kwa miaka minne. Mvua ikinyesha, aliandika MASIKA. Watu wakikutana, aliandika RAIA. Kiongozi akitembelea mji ilikuwa shida kubwa, maana MKUU WA WILAYA anazimaliza zote peke yake. Mara moja Mkuu wa Wilaya alizindua soko, U ya AZINDUA ikakosekana, na gazeti likasema MKUU WA WILAYA AONA SOKO. Mheshimiwa aliuliza kama hakuonekana akikata utepe. Wasomaji hawakujua lolote. Walidhani Siraji ana mtindo wake wa kuandika, na baadhi ya walimu wenzangu walimsifia huo mtindo. Mimi nilipenda kuketi kando na kumwona amesimama mbele ya kasha la herufi, midomo ikicheza, akiigeuza habari huku na huku hadi ipite kwenye tundu la U mbili. Waandishi wengine huchagua neno kati ya maneno yote ya lugha. Yeye alichagua kati ya yale ambayo risasi ilimruhusu, na bado habari ilieleweka.

Ilieleweka kila wiki isipokuwa moja.

Mwaka 1984 shirika moja la kanisa kutoka Ulaya lilitaka kufungua shule ya ufundi Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi yalikuwa yamejaa, tangu mwaka wa themanini na mbili watu wapya hawakukoma kuingia, na vijana walikuwa wakishinda bure. Aliyepewa kazi ya kuianzisha ni Mwalimu Jolly, binti wa Isingiro, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Alimjia Siraji akamwomba atangaze: vijana waje Kabazana, pale wanapopokelewa wageni wa makazi, Jumatatu asubuhi, waandikwe shule. Useremala, uashi na ushonaji, bila malipo.

Siraji aliifurahia habari ile kuliko zote za mwaka huo. Akaenda kwenye kasha. JUMATATU inakula U mbili. SHULE inataka moja. CHUO inataka moja. UFUNDI inataka mbili. Alifikiri sana, akaamua kwamba siku ndiyo isiyoweza kukosekana, maana asiyejua siku hatakuja kabisa, na habari ya shule ataieleza vizuri kwa herufi ndogo hapo chini. Ijumaa gazeti likatoka:

VIJANA WATAANDIKWA KABAZANA JUMATATU

Nilisoma prufu. Hapakuwa na kosa, na hata leo nasema hapakuwa na kosa. Kwa Kiswahili mtu huandikwa kazi, huandikwa shule, huandikwa hata kwenye daftari la msikiti.

Jumapili mchana Naboth, aliyekuwa akiuza gazeti letu Nakivale kwa baiskeli, aliingia uani kwetu akiwa amevimba upande mmoja wa paji la uso.

"Mzee, iko hatari," alisema, hata hakusalimia. "Vijana yote imekimbia."

"Vijana gani?" Siraji aliuliza.

"Ya Nakivale! Iko ndani ya mafunjo kule ziwani. Ingine imepita Endiinzi inatafuta mpaka. Gazeti yako imesema watu nataka kuandika wao."

"Kuandikwa shule, Naboth."

"Shule iko wapi? Mimi nimesoma kichwa kwa nguvu pale sokoni, kama siku yote. Nimesema, vijana wataandikwa. Kabla sijafika chini, mama mmoja amepiga kelele, na mimi nimepata jiwe." Akagusa paji lake. "Mzee, huku kwetu mtu naandikwa kwa jeshi tu. Hakuna kuandikwa ingine."

Ni kweli kwamba miaka ile jeshi lilikuwa likitafuta vijana, na familia za wakimbizi zilikuwa zikilala na hofu hiyo. Siraji aliketi kwenye ngazi. Sijapata kumwona mtu akilitazama neno moja hivyo, kana kwamba liko hewani mbele yake na analisoma kinyumenyume.

Jumatatu Mwalimu Jolly alikaa Kabazana na meza yake. Jumanne alikuja Mbarara.

"Bwana Mhariri," alisema, "nilikuomba vijana, umenipa mabenchi. Walioleta vyombo wanasema wakikosa wanafunzi hadi Jumamosi, misumeno na randa zote zitapelekwa makazi mengine."

Siku hiyohiyo sajini mmoja kutoka kambini, msomaji wetu wa zamani, alipita na kuegemea mlango huku akicheka. "Mhariri, kwa nini wewe nakosa cheo? Sisi naandika watu mwezi muzima, napata wachache. Wewe naandika kwa karatasi, Nakivale yote nakimbia!" Alikuwa akitania tu. Lakini sokoni hawakutania. Kufikia Jumatano ilisemwa kwamba mhariri analipwa kwa kila kichwa cha kijana, na fundi cherehani wangu alinirudishia kitambaa akisema ana kazi nyingi.

Kaka mkubwa wa Siraji, Haji Sulait, alikuja kutoka Kakiika na fimbo yake, akakataa hata chai.

"Mdogo wangu, nyamaza," alisema. "Wiki mbili, watu watasahau. Ukiandika kwamba umekosea, umekubali yote. Watasema na pesa ulipokea."

Nilimuunga mkono shemeji yangu. Nilisema neno ni sahihi, na anayeomba radhi kwa neno sahihi anajitia doa kwa mkono wake. Nilisema kama wasomaji hawajui maana zote za kuandikwa, tuwafundishe, nami nitaandika somo hilo mwenyewe. Na chini ya kichwa kila kitu kilielezwa.

"Mwalimu," Siraji akasema taratibu, "chini ya kichwa alifika nani?"

"Aliyesoma."

"Aliyesoma ni Naboth. Wengine walisikia. Walipokuwa wakikimbia mimi nilikuwa bado naeleza." Akamgeukia kaka yake. "Haji, mimi nikinyamaza, jina langu litapona. Misumeno itaondoka. Na wale walio ndani ya maji, nani atawaambia watoke?"

"Basi weka mistari miwili ukurasa wa nne," Haji alisema. "Pale kwenye matangazo ya mbuzi waliopotea."

"Nilikosea kwa herufi kubwa," mume wangu alijibu. "Nikitubu kwa herufi ndogo nitakuwa nimekosea mara ya pili."

Asubuhi ya Alhamisi alitaka kuchapa karatasi moja, upande mmoja, maneno machache yajaze ukurasa. Aliyaandika kwa chaki ukutani:

MHARIRI AMEKOSEA. NI SHULE YA UFUNDI.

Nilihesabu kabla yake. U tatu.

"Badilisha," nilimwambia. "Sema MASOMO."

"Masomo ni neno zuri. Lakini wiki iliyopita nilizungukazunguka U, na unaona nilikofika. Safari hii nitasema ninachotaka kusema."

Akakivunja kiti. Kilikuwa kiti chake mwenyewe cha kuhariria, chenye mguu uliokuwa umelegea siku nyingi, akaung'oa kabisa. Akachukua kisu cha marehemu baba yake, kile cha kuchunia ng'ombe, akaketi chini kwenye jua la uani akaanza kuchonga. Herufi ya chapa si mchezo: ikizidi urefu kidogo inatoboa karatasi, ikipungua haigusi wino. Na zote huchongwa kinyume. "Bahati U haina kulia wala kushoto," alisema, akapuliza vumbi la mti. Alipima kwa kidole, akachonga, akapima. Mafundi wa chuma wana vipimo vyao. Yeye alifumba macho akapitisha ncha ya kidole juu ya herufi ya risasi, kisha juu ya ya mti, na ile tofauti ambayo mimi sikuiona wala kuihisi yeye aliisikia kwenye ngozi. Adhuhuri ilipoadhiniwa ilikuwa tayari. Ilikuwa imepinda kidogo, mguu mmoja mnene kuliko mwenzake. Aliiweka katikati ya zile za risasi, akavuta mpini, na karatasi ikatoka na sentensi ambayo sijapata kuiona kwenye gazeti lolote, la hapa wala la nje: mhariri akijishtaki kwa herufi kubwa kuliko zote alizo nazo.

Ile U ilisimama ndani ya SHULE, imeegemea kama mtu aliyechoka.

Ijumaa nzima ilikwisha kwa kuchapa nakala, na Jumamosi alfajiri tuliondoka kwa lori la Abdullah, mfanyabiashara wa chumvi. Siraji alitaka nibaki. Nilimwambia jina ni langu pia. Tulipokaribia Kabazana alimgongea Abdullah kwenye paa.

"Simama hapa, sheikh. Wakiona lori wanamaliza kukimbia."

Tulitembea sehemu iliyobaki, yeye na koti lake na kofia ya kufuma, karatasi zimejaa kifuani, mimi na baibui lililopata vumbi hadi magotini. Kutoka Kabazana mteremko unashuka hadi mafunjo yanapoanza, na nyuma ya mafunjo ziwa linang'aa. Hakuonekana kijana hata mmoja. Akina mama walikuwa wamekaa mbele ya nyumba zao mikono mapajani, hakuna aliyemenya wala kutwanga. Mwalimu Jolly alikuwa mezani kwake, mabenchi yamepangwa, misumeno imetundikwa, na kimya kile kilinitisha kuliko makelele ya sokoni.

Mama mmoja alisimama. Baadaye tulimjua kama Mama Sifa, mtu wa Kivu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ndiye aliyepiga kelele siku ile ya Naboth.

"Njo weye muandishi?" aliuliza.

"Ndiyo mimi, mama."

"Batoto yetu uliuza bei gani?"

Siraji alimfungulia karatasi, akaisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena polepole, neno moja moja, akimwonyesha kila neno kwa kidole.

Mama Sifa aliitazama. "Hapa banaandika nini, ku mwanzo?"

"Mhariri amekosea."

"Muhariri njo nani?"

"Ni mimi."

Wengine walianza kusogea. Mama Sifa alitikisa kichwa. "Karatasi ya ile siku nayo ilisema. Karatasi inasema mambo mingi, haina haya. Kama ni masomo kweli, kwa nini unatuletea karatasi, haulete mutu?"

"Nimeleta mtu."

"Iko fasi gani?" Akatazama nyuma yetu.

Siraji alimpa karatasi zote, akaenda mezani kwa Mwalimu Jolly akavua kofia.

"Niandike," alisema.

"Unatafuta kazi?" Jolly aliuliza.

"Niandike mwanafunzi. Useremala."

"Bwana Mhariri, shule ni ya vijana."

"Umepata vijana wangapi?"

Jolly alimtazama, akafungua kalamu. Siraji alimtajia jina lake lote kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mteremko: Siraji, mtoto wa Rwakairu, wa Kakiika. Kisha akaenda akaketi kwenye benchi la mbele, peke yake, jua likimpiga. Mhariri wa gazeti, mtu aliyekula meza moja na wakuu wa wilaya, magoti yakigusa ubao wa mwanafunzi. Wote tulielewa anachofanya. Kama kuandikwa ni lori na bunduki, basi lori lije limchukue yeye kwanza, mbele ya macho yao.

Wakaanza kuitazama barabara. Nami niliitazama. Nilijua hakuna lori, na bado niliitazama, na nikaelewa kwa mara ya kwanza jinsi wanavyoishi wale akina mama. Neno langu sahihi lilikuwa halinisaidii kitu pale.

Lori halikuja. Mwalimu Jolly, ambaye nadhani hakujua la kufanya na mwanafunzi aliyeketi, alimpa ubao na randa akaanza somo. Mume wangu aliishika randa kama anayeshika paka mkali. Iliruka, ikakwama, ikachimba ubao. Jolly akamrekebisha mikono. Ikakwama tena, na kofia ikamwanguka. Mtoto mmoja mdogo alicheka. Kisha mama mmoja. Kisha Mama Sifa akajishika kiuno.

"Eeh, bandugu! Ule mubaba haiko askari," alisema, machozi yakimtoka kwa kicheko, "na fundi pia haiko!"

Siraji aliinua uso, jasho linamtiririka. "Mama, ndiyo maana nimekuja shule."

Kicheko kilimwisha Mama Sifa polepole. Halafu aligeukia ziwa, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa ile sauti yake.

"Anaclet! Kuya! Njo masomo! Kuya muone mubaba anashindwa ubao!"

Hapakuwa na upepo. Nimesema hapakuwa na upepo kwa sababu nililitazama ziwa, nalo lilikuwa limetulia kama kioo. Lakini mafunjo yakaanza kutikisika. Yalitikisika hapa, na kule mbali, na kwingine mbali zaidi, mpaka ukingo wote ukawa unatembea. Kisha kikatokea kichwa. Kisha mabega. Wakatoka vijana, wameshikilia nguo zao juu ya vichwa, matope hadi kifuani, wengine ngozi imekunjamana kwa maji, wakawa wanapanda ule mteremko, na kila mmoja alipotoka mwingine alionekana nyuma yake. Sikujua kwamba mafunjo yanaweza kuficha watu wengi kiasi kile. Nilisikia Mwalimu Jolly akisema jina la Mungu kwa Kinyankore. Mimi nilisema langu kwa Kiarabu. Siraji alisimama na randa mkononi, kofia chini, machozi yakimshuka mbele ya watu wote, na hakuyafuta.

Mabenchi hayakutosha siku hiyo. Misumeno ilibaki Nakivale.

Na kwa kuwa alikwisha kuandikwa, Siraji alikataa kufutwa. Kwa mwaka mzima, Jumamosi alipopata lifti, alikwenda kusoma useremala. Hakujua kitu hadi mwisho. Kiti alichonitengenezea hakuna mgeni niliyemkaribisha juu yake. Lakini Anaclet, mwana wa Mama Sifa, alikuwa na mkono wa ajabu. Alimuuliza mwanafunzi mwenzake kwa nini ile SHULE ilikuwa na herufi iliyopinda, na Siraji akamweleza. Miezi michache baadaye Naboth alifika na gunia dogo la maharage. Ndani ya maharage mlikuwa na herufi za mti, alfabeti nzima, kinyume, laini kama mfupa, urefu uleule wa risasi. U zilikuwa nyingi kupita mahitaji ya lugha yoyote. Siraji alizimwaga mezani, akazigeuza moja moja kwenye mwanga. Tangu siku hiyo hadi leo vichwa vya habari vya *Jirani* ni vya mti wa Nakivale. Mkuu wa Wilaya aliyefuata alizindua alichotaka.

Gazeti lilikoma kidogo vita ilipokata barabara mwaka wa themanini na tano, likarudi. Anaclet alikuja Mbarara kupanga herufi. Mwaka jana kifua kilimzidi Siraji, akafariki nyumbani, Alhamisi asubuhi, akiwa ameniuliza kama ukurasa wa kwanza umekwisha kukazwa kwenye fremu.

Alizikwa siku ya pili alasiri. Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo hili alinisimulia Haji Sulait, ambaye alikuja hadi mlangoni na fimbo yake. Walipofika makaburini Kakiika, walimkuta Mwalimu Jolly kando ya njia na wanaume kutoka Nakivale waliosafiri tangu usiku. Walikuwa Wakristo wengi wao, hawakujua kisomo. Lakini walikuwa wameuliza Waislamu wa huko tunazikaje, wakaambiwa kuna mbao za kumfunika maiti. Wakaja nazo begani, zimepigwa randa pande zote, hata upande unaotazama udongo. Haji alisema hakuna mzee wa ukoo aliyepata mbao kama zile. Kisha alisema, "Shemeji, nilimwambia anyamaze," akaondoka.

Basi yule mama wa harusini akiuliza tena, na aambiwe: ndiyo, Siraji Rwakairu aliandika vijana wa Nakivale. Jina la kwanza ni lake.

Gazeti la wiki ile lilichelewa kwa ajili ya msiba. Nilikuwa katika eda, sitoki wala sikutani na wanaume, kwa hiyo Anaclet aliketi uani na Rashidah akaniletea prufu ndani. MHARIRI SIRAJI RWAKAIRU AMEFARIKI. Herufi zote zilisimama wima, isipokuwa moja mwishoni mwa jina, iliyoegemea kidogo, mguu mmoja mnene kuliko mwenzake.

"Mama," Anaclet alisema kutoka nje, "ile U ya mwanzo imepinda. Nilitaka iwe humo. Lakini kama haupendi, tubadilishe. Zingine ziko mingi, zimenyooka."

Nilichukua kalamu nyekundu. Nilisahihisha nukta mbili katika habari ya chini, na jina la msikiti lililokosa herufi. Ile U nikaiacha ilivyo.